Maji ya dampo yamepita kwenye mawe na bado hayajasafika: tatizo liko wapi?

Umeshajenga. Majaba matatu ya lita 200 yamekaa kwenye ngazi za matofali: la juu lina mawe ya chokaa, la kati lina zeolaiti (madini yenye vitundu vidogo yanayokamata amonia), la chini lina udongo mwekundu uliochanganywa na mchanga. Maji ya dampo, yaani yale yanayochuruzika kutoka kwenye taka, yanaingia juu yakiwa meusi kama kahawa ya kijiweni, yanashuka jaba kwa jaba, na kwenye koki ya mwisho yanatoka meusi vilevile. Au yanatoka mazuri wiki moja kisha yanaharibika. Au hayatoki kabisa. Mwongozo huu ni wa saa hiyo, umesimama na ndoo mkononi na hujui uanzie wapi.

Nimeuandika nikiwaza Mtwara na Lindi, kwa sababu huku kosa la mfumo kama huu halikai pale lilipofanyika. Pwani yetu ni mchanga na matumbawe ya kale, maji yanazama upesi, na watu wengi bado wanachota kwenye visima vifupi. Kilichotoroka dampo mwezi wa pili, mvua ikiwa imeshika, kinaweza kuwa kwenye ndoo ya mtu kabla korosho hazijaanza kuokotwa.

Kuna jambo la kushika kabla ya yote. Madini hayaui uchafu, yanaukamata tu. Kila jiwe lina kitu chake linachokamata, lina kiasi chake, na likijaa limejaa. Karibu kila dalili nitakayoitaja hapa imetokana na kusahau mojawapo ya hayo.

Pima kabla ya kugusa koki

Chota maji mahali pane: yanapoingia, na baada ya kila jaba. Pima pH (kipimo cha uchachu: chini ya 7 ni uchachu), joto, amonia na kiwango cha chumvi. Usipime mwanzo na mwisho peke yake, maana hutajua jaba lipi limekusaliti.

Kisha jiulize maji yako ni machanga au yamekomaa. Maji ya taka za karibuni, kama maganda ya mihogo, mabaki ya sokoni na matumbo ya samaki, huwa na uchachu. pH yake iko chini ya 6.5, yananuka kama mihogo iliyovundikwa, na metali zimeyeyuka ndani yake. Uchafu wake mwingi bado unaweza kuliwa na bakteria. Maji ya dampo la miaka mingi yana pH ya 7.5 kwenda juu, ni meusi, bakteria wameshakula kilicholika, na amonia imebaki nyingi, mara nyingi miligramu mia kadhaa kwa lita na wakati mwingine zaidi ya elfu moja.

Ukipeleka maji machanga moja kwa moja kwenye zeolaiti unaharibu zeolaiti. Bakteria watamea juu ya punje, watengeneze utelezi, na ndani ya siku chache jaba zima litakuwa uji. Maji machanga yaanzie kwenye bwawa lenye hewa, mawe yaje baadaye.

Jua pia unaelekea wapi. Kwa viwango vya Tanzania vya majitaka yanayoachiwa kwenye mazingira, BOD (oksijeni ambayo bakteria wanaihitaji kula uchafu) isizidi miligramu 30 kwa lita, COD (oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu kwa kemikali) isizidi 60, na pH iwe kati ya 6.5 na 8.5. Maji ya dampo yanaweza kuanzia COD ya maelfu. Majaba matatu ya mawe hayatakufikisha 60 yakiwa peke yake, na yeyote anayekuahidi hivyo anakuuzia mawe.

Amonia haishuki tangu siku ya kwanza

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na lina sababu nne. Zifuate kwa mpangilio huu.

Anza na pH. Zeolaiti hukamata amonia ikiwa na chaji chanya, yaani ikiwa amonimu. pH ikipanda, amonimu inageuka kuwa gesi ya amonia isiyo na chaji, na zeolaiti haina pa kuishika. Kwenye joto letu la nyuzi 30, kwa pH ya 8, kama asilimia 7 tu ndiyo imegeuka. Kwa pH ya 9 ni karibu nusu. Kwa pH ya 10 ni karibu yote. Sasa angalia jaba lako la juu. Kama umeweka mawe ya chokaa mabichi, pH haitapita sana 8 na uko salama. Kama umeweka chokaa iliyochomwa, ile ya kupaka nyumba, maji yanaweza kufika 11 au 12, na amonia inaingia kwenye zeolaiti ikiwa tayari ni gesi. Dalili yake ni macho kuwasha ukiinama juu ya jaba la kati. Chokaa ya kuchomwa iwekwe mwisho wa safari au isiwekwe kabisa.

pH ikiwa sawa, shuku mzigo wenyewe. Ukanda wetu ni wa mchanga, mawe ya chokaa na mfinyanzi. Zeolaiti inatokana zaidi na majivu ya volkano, kwa hiyo haichimbwi Mingoyo wala Mikindani. Inatoka mbali, kwenye viroba, na machoni ni unga au punje za kijivu kama vitu vingine mia. Niliwahi kuletewa viroba vilivyoandikwa jina la zeolaiti, nikadondoshea punje maji ya ndimu, zikatoa povu. Povu ni la chokaa. Nilikuwa nimenunua mawe ya chokaa yaliyosagwa kwa bei mara kadhaa ya yale niliyoweza kuokota mwenyewe.

Povu lisipotoka, bado hujathibitisha. Fanya jaribio hili. Yeyusha gramu 1 ya mbolea ya SA (salfeti ya amonia) kwenye lita 1 ya maji ya mvua. Utapata kama miligramu 210 za naitrojeni ya amonia kwa lita. Tia gramu 20 za madini yaliyooshwa, tikisa mara kwa mara, acha mpaka kesho yake saa kama ileile, upime. Ikishuka kwa karibu nusu, una zeolaiti. Ikibaki palepale, una kitu kingine. Usitumie urea badala ya SA: urea haina chaji, zeolaiti nzuri kabisa itaonekana mbovu na utaitupa bure.

Sababu ya tatu ni potasiamu. Kwenye zeolaiti ya kawaida, ile inayoitwa klinoptilolaiti, potasiamu hupewa nafasi kabla ya amonia. Sodiamu, kalsiamu na magnesiamu huja nyuma. Maji ya dampo yana potasiamu nyingi kwa sababu mimea ina potasiamu, na dampo lenye maganda ya ndizi na majivu ya jikoni lina nyingi zaidi. Nafasi zinakaliwa na asiyealikwa. Huwezi kuiondoa potasiamu kirahisi. Unachoweza ni kukubali kwamba zeolaiti yako itabeba pungufu ya ilivyobeba kwenye jaribio la SA, labda nusu yake, na kupanga kwa hesabu hiyo.

Hesabu yenyewe ndiyo sababu ya nne, na hapa ndipo miradi mingi inapofia. Chukua mfano: maji yako yana miligramu 1,000 za amonia kwa lita, na zeolaiti yako inashika miligramu 5 kwa gramu. Kila lita inahitaji gramu 200. Mita moja ya ujazo, yaani majaba matano tu ya maji, inataka kilo 200 za zeolaiti, na baada ya hapo imejaa. Dampo dogo wakati wa masika linaweza kutoa mita nyingi kwa siku. Hakuna halmashauri itakayonunua viroba hivyo.

Ndiyo maana nasema zeolaiti ni ya kumalizia. Bwawa lenye hewa, ambamo bakteria wanageuza amonia kuwa naitreti, libebe mzigo mkubwa, na zeolaiti ipokee mabaki ya makumi ya miligramu, au ishike yale mawimbi ya ghafla bakteria wanapozidiwa. Kwa naitrojeni ya gramu 1 bakteria wanataka oksijeni kama gramu 4.6, kwa hiyo bwawa ni la kutiwa hewa kweli, kuliacha wazi hakutoshi.

Kama yote manne yako sawa na bado haishuki, maji yanakimbia. Yanahitaji kukaa na punje. Bana koki mpaka maji yanayopita kwa saa moja yalingane na ujazo wa zeolaiti iliyomo jabani, kisha upime tena.

Ilishuka vizuri, sasa imerudi

Jaba limejaa. Hakuna fumbo hapo. Kinachoshtua zaidi ni pale maji yanayotoka yanapokuwa na amonia nyingi kuliko yanayoingia. Watu hudhani kipimo kimeharibika. Hakijaharibika. Zeolaiti iliyojaa kwa maji makali ikipitiwa na maji mepesi huachia ilichoshika ili kupata ulingano mpya, na maji ya dampo huwa mepesi mvua inapoyachanganya. Huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei, kwa hiyo jaba lililojazwa kiangazi hutapika mvua za kwanza zikianguka. Lisafishe Oktoba, kabla mawingu hayajakaa.

Kusafisha ni kwa chumvi, nasi tumekaa juu ya mashamba ya chumvi. Yeyusha gramu 30 mpaka 50 kwa lita, jaza jaba, acha usiku kucha, toa, rudia mpaka amonia kwenye maji ya chumvi ipungue. Sodiamu inachukua nafasi, amonia inatoka. Mara nyingi zeolaiti mpya nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikipitishwa kwanza kwenye chumvi kabla ya siku ya kwanza, nami sasa sianzi bila kufanya hivyo.

Maji ya bahari yanafaa? Yanafaa kwa kiasi, maana yanabeba pia kalsiamu, magnesiamu na potasiamu zinazokaa palepale unapotaka sodiamu ikae. Yatumie kuosha raundi ya kwanza, umalizie na chumvi ya shamba. Usitumie yale maji machungu yanayobaki kwenye jaruba baada ya chumvi kuvunwa. Yanaonekana ni chumvi kali, na kweli ni makali, ila ni makali kwa magnesiamu na potasiamu. Utaijaza zeolaiti potasiamu kabla hujaanza kazi.

Maji ya chumvi yaliyotoka na amonia nayo ni majitaka, makali kuliko yale uliyoanza nayo. Ukiyarudisha bwawani umezungusha amonia ileile na kuua bakteria kwa chumvi. Tengeneza jaruba dogo, tandika plastiki nene, weka paa la plastiki linaloruhusu upepo, yakauke. pH iwe chini ya 7 ili amonia isipae. Kinachobaki chini ni chumvi ya kuhifadhiwa pamoja na mabaki mengine nitakayoyaeleza mwishoni. Hilo jaruba lijengwe kabla ya kununua zeolaiti. Nimeona mfumo mzuri ukisimamishwa kwa sababu hapakuwa na pa kumwaga maji ya kusafishia.

Maji hayapiti, au yanapita upande mmoja

Chota kilichoziba ukiweke kwenye kiganja ulichokivisha glavu.

Ukipata uji wa kijivu unaoteleza na usio na harufu kali, ni mfinyanzi. Ama zeolaiti haikuoshwa, vumbi lake likashuka na kujaza mianya, ama mtu ameweka bentonaiti ndani ya jaba. Bentonaiti ni mfinyanzi unaovimba ukilowa; ndiyo maana hutumika kuziba mabwawa yasivuje. Ni mkamataji mzuri wa risasi, shaba na zinki, lakini hupaswi kuupanga kama chujio. Utumie kwa namna nyingine: nyunyiza unga wake kwenye pipa la maji, koroga kama dakika 30, acha utulie, chota maji ya juu. Udongo wa kichuguu na mfinyanzi wa wafinyanzi una tabia kama hiyo kwa kiasi kidogo, nao usipangwe jabani.

Ukipata ukoko mgumu mweupe unaotoa povu kwa ndimu, ni chokaa iliyoganda. Maji ya dampo lililokomaa yana kalsiamu na bikaboneti nyingi, na yakipoteza gesi ya kaboni hewani chokaa inajitengenezea yenyewe, hasa kwenye matundu ya bomba. Osha kwa siki au tindikali hafifu, mahali penye upepo.

Ukipata utelezi wa rangi ya kutu, ni chuma na bakteria wake. Huyo anataka hewa kabla ya jaba: yaporomoshe maji kwenye ngazi za mawe, chuma kigande huko, kitulie kwenye shimo la kutulizia, ndipo maji yaingie.

Na ukipata mafuta meusi yanayonata na kuchoma ngozi, uliza kama dampo linapokea maganda ya korosho. Mafuta ya ganda la korosho ni ya jamii ya fenoli, yanababua mikono ya wabanguaji, na yakifunika punje hakuna kitu kitakachoingia ndani ya vitundu vyake. Hakuna madini ya kurekebisha hilo baadaye. Maganda yatengwe langoni. Yana kazi nyingine, kuanzia kukamuliwa mafuta mpaka kuwa kuni za viwandani.

Maji yakipita upande mmoja tu, fungua juu utazame kama kuna kishimo pembeni ya ukuta. Maji yamejichongea njia. Punje zilizo sawa kwa ukubwa, milimita 1 mpaka 3, zilizowekwa zikiwa zimelowa, tabaka kwa tabaka, huzuia hili. Kuingiza maji kutoka chini kwenda juu huzuia zaidi.

Harufu ya mayai viza

Simama hapo kwanza. Hii ni gesi ya salfaidi ya hidrojeni, inayoua. Ikiwa nyingi pua inakufa ganzi, kwa hiyo harufu kutoweka ghafla haina maana kwamba hatari imekwisha. Asiingie mtu shimoni wala ndani ya tangi, hata kumwokoa mwenzake bila vifaa vya kupumulia.

Sababu yake, kwa mfumo wa madini, mara nyingi ni jasi. Jasi iko Kilwa kwa wingi na bei yake haitishi, na ina sifa ya kweli ya kufanya mfinyanzi ushikane mabonge na kupitisha maji. Kosa hili nililifanya mwenyewe: jaba la udongo liligoma, nikachanganya jasi, maji yakapita siku ileile, nikafurahi. Baada ya siku chache wafanyakazi walikuwa wanalalamika kichwa. Jasi ni salfeti ya kalsiamu, huyeyuka kama gramu 2 na kidogo kwa lita, na ndani ya maji yasiyo na hewa kuna bakteria wanaotumia salfeti kama sisi tunavyotumia oksijeni, wakitoa gesi hiyo. Niliwatia wenzangu hatarini kwa kitu nilichodhani ni jiwe lisilo na madhara, na bado linaniuma.

Ondoa jasi yote, osha jaba, tia hewa kwenye maji yanayoingia. Kama hukuweka jasi, angalia taka zenyewe: mabaki ya bodi za dari za jasi damponi hufanya kazi ileile.

Amonia imeshuka lakini maji bado meusi

Hapa mfumo haujaharibika. Weusi ule ni mabaki ya mimea iliyooza hadi mwisho, na yana chaji hasi. Zeolaiti na mfinyanzi navyo vina chaji hasi. Vinasukumana.

Anayeweza kushika weusi ni udongo mwekundu wenye oksidi za chuma na alumini, hasa pH ikiwa chini ya 7, kwa sababu hapo uso wake huwa na chaji chanya. Huyohuyo hushika fosfeti na kromiamu ile mbaya, yenye sumu kali (kromiamu VI). Ila usitegemee maji yawe kama ya chupa.

Naulizwa kuhusu kinywe (grafiti), kwa kuwa Ruangwa na Nachingwea wanacho na kinywe ni kaboni. Ni kaboni kweli, lakini punje yake ni bapa na haina vitundu. Mkaa uliosisimuliwa, yaani uliotayarishwa ili ufunguke vitundu vingi ndani, una eneo la ndani la mamia ya mita za mraba kwa gramu moja. Kinywe cha asili kina mita chache. Mkaa wa vifuu vya nazi uliosisimuliwa utakusaidia kuliko kinywe.

Yalitoka safi, yakikaa ndooni yanageuka kutu

Jaba la udongo mwekundu limekosa hewa. Chuma kikiwa na hewa ni oksidi, kigumu, kimekaa kwenye punje. Hewa ikiisha, bakteria wanakibadilisha kikayeyuka, kinapita koki bila rangi, na kikikutana na hewa ndooni kinaganda tena chekundu.

Rangi yenyewe ni tatizo dogo. Kubwa ni kwamba fosfeti na aseniki zilizokuwa zimeshikwa na chuma hicho zimetoka pamoja nacho. Kila ulichokamata miezi mitatu unaweza kukiachia wiki moja. Jaba la udongo mwekundu lisizamishwe muda wote: mwaga maji kwa vipindi, yashuke, likauke kidogo, umwage tena. Na lisipokee maji ambayo hayajapita bwawa la hewa. Likishatoa kutu, udongo wake ubadilishwe, usingoje.

Mawe ya chokaa yamechoka kupandisha pH

Yavunje moja. Ndani utakuta jeupe, nje kuna gamba la rangi ya chungwa. Chuma kimelivika koti. Yatikise kwenye karai na mchanga gamba litoke, na urekebishe hewa kama nilivyosema.

Mawe yachukuliwe kwenye machimbo ya nchi kavu, yapo tele. Usinunue chokaa ya matumbawe ya baharini. Kusafisha maji ya dampo ili bahari ipone, kwa kuchoma matumbawe ya bahari hiyohiyo, siwezi kumshauri mtu.

Vipimo vinapingana

Mita ya chumvi inaonyesha kiwango hakijashuka, pengine kimepanda. Ni kweli na si kosa: zeolaiti inabadilishana, ikichukua gramu 1 ya naitrojeni inatoa kama gramu 1.6 za sodiamu. Kloridi haishikwi na jiwe lolote kati ya haya. Usipime mafanikio kwa mita hiyo. Na kwa sodiamu hiyo, maji haya hayafai kumwagilia bustani hata amonia ikiwa sifuri.

Vikasha vya kupimia amonia vinavyotumika kwenye mabwawa ya samaki hushindwa na rangi nyeusi. Chukua mililita 1 ya maji, ongeza maji ya mvua yafike 100, pima, zidisha kwa 100. Dawa ya Nessler, inayotumika kwenye baadhi ya vipimo vya amonia, ina zebaki, mabaki yake yasimwagwe kwenye sinki. Maabara ikikuletea COD ya juu ajabu, uliza kama waliondoa athari ya kloridi, maana nayo huhesabiwa kama uchafu.

Madini yaliyojaa yaende wapi

Hapa ndipo shida inapoanza upya usipokuwa makini. Zeolaiti iliyojaa amonia inatamanisha kuwa mbolea, na kwa maji ya ufugaji ningesema jaribu. Kwa maji ya dampo hapana. Humo kuna risasi, kadmiamu, kromiamu kutoka betri na rangi, vyote vimeshikwa kwenye punje zilezile, na udongo wa mikorosho yetu ni wa kichanga na una uchachu, hali inayovifungua. Mtu akikuomba kiroba apeleke shambani, mweleze hivyo kwa upole na usimpe.

Unapoyahamisha, yaloweshe na vaa barakoa ya vumbi. Kuna aina moja ya zeolaiti yenye nyuzi, erionaiti, iliyoleta saratani ya utando wa mapafu kwa wanavijiji wa Kapadokia nchini Uturuki, ambako iko kwenye mawe waliyojengea nyumba. Muulize muuzaji cheti kinachosema ndani ya kiroba kuna madini gani, na asipokuwa nacho usinunue.

Mabaki yarudi ndani ya dampo lenyewe, juu ya sehemu iliyotandikwa kuzuia kuvuja, yakiwa kwenye viroba viwili viwili vilivyoandikwa tarehe na jaba yalikotoka. Kama dampo lako halijatandikwa, yakae chini ya paa, juu ya zege. Kibali cha kutiririsha maji kinatoka ofisi ya bonde la maji, kwetu ni Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, na mazingira yako chini ya NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira. Waoneshe daftari la vipimo na pia vilipo hivyo viroba. Usihesabu kwamba mvua zimekwisha kwa sababu ni Mei: kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu Mei 2024, na Kilwa ilifurika. Turubai lifungwe kamba mwaka mzima.